Vijiko viwili vya pombe kwenye trei ya limau: nini hubaki baada ya moto?

Vipande vya limau ni kitafunio rahisi kukieleza. Chini kuna tabaka la biskuti ya siagi, juu kuna krimu nzito ya mayai, sukari na maji ya limau. Vyote huokwa kwenye trei moja, vikapoa, kisha vikakatwa miraba midogo. Mapishi mengi yanayosambazwa kwenye simu huongeza mstari mmoja mwishoni: tia vijiko viwili vya likeri ya machungwa.

Hapo ndipo maswali huanza kwa mtu anayeoka kwa oda nyumbani kwake Butimba. Likeri ni kitu gani? Nikiikosa naweza kutia Konyagi? Na wageni wa sherehe ambao ni Waislamu, Wasabato au watoto, si wanaweza kula tu, maana pombe yote huishia kwenye moto?

Swali hilo la mwisho ndilo zito, na jibu lake ni hapana. Pombe haiishi yote. Inayobaki kwenye kipande ni kidogo sana, haimlewi mtu, lakini ipo. Anayeoka na kuuza anatakiwa kulijua hilo kabla mnunuzi hajamuuliza. Tunaeleza hapa pombe hiyo inafanya kazi gani kwenye limau, inakwenda wapi ikipata joto, na kwa nini sisi tunaona kwamba mara nyingi unaweza kuiacha dukani na bado ukatoa trei yenye harufu nzuri.

Harufu iko kwenye ganda

Ukikunja ganda la limau karibu na pua, utaona matone madogo yakiruka na harufu ikajaa. Hayo ni mafuta. Yamehifadhiwa kwenye vifuko vidogo ndani ya ngozi ya nje, ile yenye rangi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo huitwa limonene, nayo imo kwenye machungwa, machenza, ndimu na limau. Kinacholipa limau harufu yake ya pekee ni kiasi kidogo cha kitu kingine kiitwacho sitrali. Maji ya limau yenyewe huleta ukali. Ukioka kwa maji peke yake bila ganda, utapata kitu kikali na kitamu ambacho mlaji akifumba macho anaweza kusema kimetiwa siki nzuri.

Mafuta hayo hayayeyuki kwenye maji. Huyeyuka kwenye pombe, na huyeyuka pia kwenye mafuta mengine kama siagi na kiini cha yai. Ndiyo maana watu wa kusini mwa Italia, wenye malimau mengi kwenye miteremko ya Sorrento na Amalfi, huloweka maganda kwenye pombe kali sana kwa siku kadhaa, wakachuja, wakaongeza maji yenye sukari na kupata limoncello. Pombe imebeba harufu ambayo maji yasingeweza kuibeba.

Likeri basi ni hiyo: pombe kali iliyotiwa sukari na ladha ya tunda, mbegu au majani. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka iwe na pombe isiyopungua asilimia 15 na, kwa aina nyingi, sukari isiyopungua gramu 100 kwa lita. Zile za machungwa zinazotajwa sana kwenye mapishi, kama Cointreau ya Ufaransa yenye pombe asilimia 40, hutengenezwa kwa maganda ya machungwa matamu na machungu. Curaçao, ambayo imepewa jina la kisiwa cha Karibiani, hutokana na maganda ya chungwa chungu lisiloliwa. Anayetoka Tanga au Unguja atacheka kidogo hapa, kwa sababu chungwa chungu ni danzi, lile lile ambalo wengi hulipita sokoni wakielekea kwenye matamu. Nyama yake haifai kumenya na kula, lakini ganda lake lina harufu ambayo chungwa tamu halina.

Konyagi si likeri. Ni pombe kali ya asilimia 35, inatengenezwa Dar es Salaam na Tanzania Distilleries Limited, na haina utamu wala harufu ya chungwa. Ukiimimina kwenye krimu jinsi ilivyo utaongeza pombe bila kuongeza ladha, na hiyo ni hasara mara mbili. Inafaa tu kama utaitumia kuloweka maganda kwanza. Amarula nayo ni likeri kweli, lakini ina krimu ya maziwa ndani yake, na krimu ya maziwa ikikutana na maji ya limau hukatika kama maziwa yaliyolala nje usiku. Iache kwa keki za chokoleti.

Kuna jambo la kifedha ambalo mapishi ya ughaibuni hayalifikirii. Chupa nzima ya likeri ya kigeni ni gharama kubwa kwa ajili ya vijiko viwili. Zamani mwokaji aliyetaka pombe kidogo angeweza kununua kiroba kimoja, lakini serikali ilipiga marufuku pombe kali za kwenye mifuko ya plastiki kuanzia Machi 1, 2017, na kwa sababu nzuri. Leo lazima ununue chupa. Chupa ndogo ya Konyagi ikilowekwa maganda itatosha trei nyingi.

Na hapa tusimame kidogo, kwa sababu akili ya kubana matumizi inaweza kumpeleka mtu pabaya. Usitumie gongo. Utengenezaji wake unakatazwa na sheria, na zaidi ya sheria, pombe inayochujwa bila vipimo inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Usitumie pia spiriti ya dukani inayouzwa kwa kuwashia taa na kusafishia vidonda. Harufu ya limau itaificha, haitaiondoa.

Limau la sokoni si limau la kwenye picha

Mapishi ya kigeni huonyesha malimau ya njano yenye ngozi laini, yote ya ukubwa mmoja. Malimau tunayoyaona Mwanza mara nyingi ni makubwa, ngozi yake nene na yenye mikunjo, na ukiyakata utakuta sehemu nyeupe kubwa na maji kidogo kuliko ulivyotegemea. Kwa hiyo usihesabu malimau, pima maji yake. Mapishi yakisema "malimau matatu", huenda ukahitaji mawili au matano.

Ukanda wetu una bahati ya Ukerewe. Machungwa na machenza ya kisiwa hicho huvuka ziwa kutoka Nansio na kuingia kwenye masoko ya jiji, kisha hupanda daladala au bodaboda hadi Butimba na Nyegezi. Wapo wanunuzi wanaoyaacha kwa sababu ngozi yake ni ya kijani, wakidhani hayajaiva. Rangi ya machungwa ya ganda huletwa na baridi ya usiku, ambayo huondoa ukijani kwenye ngozi. Nchi za joto kama yetu chungwa huiva tamu kabisa ndani huku nje bado ni kijani. Kwa mwokaji hilo lina maana moja tu: ganda la kijani litakupa harufu lakini halitakupa rangi ya kupendeza. Usijaribu kulirekebisha kwa kutia manjano. Nusu kijiko kidogo tu, na trei nzima itanukia pilau.

Machungwa yana udhaifu mwingine. Maji ya limau na ndimu yana asidi ya sitriki kati ya asilimia 5 na 6, wakati maji ya chungwa yana karibu asilimia 1. Ukibadilisha limau kwa chungwa bila kufanya lolote, utapata krimu tamu iliyopooza. Njia nzuri ni kuchanganya: harufu itoke kwenye ganda la chungwa au chenza la Ukerewe, ukali utoke kwenye ndimu. Sisi tunaupenda mchanganyiko huo kuliko limau tupu.

Unapokwaruza ganda, chukua rangi tu. Ile sehemu nyeupe chini yake ina uchungu, na uchungu huo haupungui kwa sukari wala kwa moto. Kikwaruzio kidogo cha tangawizi kinatosha. Osha tunda kwanza kwa maji ya uvuguvugu na ulikaushe, maana ganda limeshikwa na mikono mingi tangu shambani.

Pombe inakwenda wapi?

Tunarudi kwenye swali zito. Wengi wamefundishwa kwamba pombe huchemka kwenye nyuzi joto 78, oveni ina nyuzi 170 au zaidi, kwa hiyo pombe yote lazima iondoke. Hesabu hiyo inasikika vizuri lakini ina matundu mawili.

Tundu la kwanza: nyuzi 170 ni joto la hewa ndani ya oveni, si joto la krimu. Krimu ya mayai na limau huganda ikifika nyuzi 80 na kitu, na mwokaji mwenye akili huitoa hapo hapo, kabla mayai hayajakatika na kutoa maji. Kwa maneno mengine, katikati ya trei hupita kidogo tu lile joto la kuchemsha pombe, na hukaa hapo dakika chache. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Pombe nayo huchemka mapema kidogo, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kubadilisha matokeo.

Tundu la pili: pombe iliyochanganyika na maji haitoki peke yake. Hutoka pamoja na mvuke wa maji, kidogo kidogo, na kadiri inavyopungua ndivyo inavyozidi kung'ang'ania. Ili iishe kabisa ingebidi uchemshe mpaka ukaushe.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya mapishi sita waliyotia vinywaji vya pombe na kuyapika kwa njia tofauti. Kilichobaki kilikuwa kati ya asilimia 4 na asilimia 85 ya pombe waliyotia. Nyama iliyochemka zaidi ya saa mbili ndiyo iliyobakiza kidogo. Mchuzi mtamu uliotiwa Grand Marnier, ambayo ni likeri ya machungwa, wakati kimiminika kimeshachemka na kutolewa motoni, ndio uliobakiza nyingi. Hata chakula kilichowashwa moto wa kuonekana kwa macho, ule mtindo wa mahotelini wa kumwagia pombe na kuwasha kiberiti, kilibakiza karibu robo tatu. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitumia vipimo hivyo kwenye jedwali lake la virutubishi: chakula kilichookwa dakika 25 bila kukorogwa hubakiza asilimia 45, kilichopikwa dakika 30 huku kikikorogwa, asilimia 35, saa moja, asilimia 25.

Vipande vyetu viko kwenye kundi la dakika 25 bila kukorogwa. Tufanye hesabu. Vijiko viwili vikubwa ni mililita 30. Kama ni likeri ya nyumbani yenye pombe asilimia 20, hapo kuna mililita 6 za pombe halisi, karibu gramu 4.7. Ikibaki asilimia 45, ni gramu 2.1 kwa trei nzima. Gawanya kwa vipande 16: gramu 0.13 kwa kipande. Ukitumia likeri ya kigeni ya asilimia 40, kipande kitakuwa na gramu 0.27.

Chupa ya bia ya nusu lita yenye pombe asilimia 5 ina karibu gramu 20. Mtu atahitaji kula vipande 150 vya aina ya kwanza, trei tisa na zaidi, ili afikie bia moja. Tumbo litasalimu amri mapema.

Kwa hiyo hakuna atakayelewa. Lakini "hakuna atakayelewa" na "hakuna pombe" ni sentensi mbili tofauti, na anayeuza chakula hana haki ya kuzichanganya.

Trei tatu kwenye jiko la mkaa

Tulioka trei tatu jikoni Butimba, kwa mkaa na sufuria kubwa yenye mchanga, kwa sababu ndivyo wengi wanavyooka na kwa sababu umeme siku hiyo haukuwa wa kutegemea. Trei ya kwanza ilitiwa likeri ndani ya krimu. Ya pili iliokwa bila pombe, kisha ikapakwa juu sharubati yenye likeri ikiwa bado ya moto. Ya tatu haikuwa na pombe kabisa, ila ganda lilisuguliwa kwenye sukari kwa vidole na kuachwa nusu saa kabla ya kuchanganya.

Ya pili ndiyo iliyonukia pombe wazi wazi, na haishangazi, kwani haikukutana na moto wa maana. Ya kwanza na ya tatu zilikaribiana kuliko tulivyotarajia. Ya kwanza ilikuwa na harufu inayopanda puani haraka zaidi, kwa kuwa pombe ni nyepesi kuruka na huvuta harufu ya limau pamoja nayo. Ya tatu ilikuwa na ladha inayokaa mdomoni. Mtu asiyeambiwa angeweza kuchagua yoyote. Sisi, kama tungelazimika kuuza moja, tungeuza ya tatu.

Sababu yake imeshasemwa: siagi na viini vya mayai tayari ni mafuta, na mafuta hubeba harufu ya ganda bila kuhitaji pombe. Chembe za sukari zikisuguliwa na ganda hupasua vile vifuko na kunywa mafuta yake. Utaiona sukari ikilowa na kubadilika rangi. Ni kazi ya dakika tatu na haina gharama.

Ukitaka kuoka

Kwa trei ya sentimita 20 kwa 20, biskuti ya chini inataka unga wa ngano gramu 150, sukari gramu 50, siagi baridi gramu 110 na chumvi kidogo. Kama utatumia majarini, acha chumvi, maana tayari inayo. Sugua mpaka iwe kama mchanga uliolowa, kandamiza kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, na uoke dakika 20 kwenye nyuzi 175 mpaka kingo zianze kuwa kahawia. Karatasi si urembo. Trei na sufuria nyingi za kwetu ni za alumini, na asidi ya limau ikikaa kwenye alumini huchukua ladha ya chuma. Kwa sababu hiyo hiyo changanya krimu kwenye bakuli la kioo, la udongo au la plastiki.

Krimu yenyewe: sukari gramu 200 iliyosuguliwa na ganda la matunda mawili, mayai 3, unga vijiko vikubwa 2, na maji ya limau au ndimu mililita 100. Ukiamua kutia likeri mililita 30, punguza maji ya limau yabaki 80, la sivyo krimu haitashika. Mayai ya kienyeji ni madogo, tumia manne. Utalipwa kwa rangi, kwani kiini chake ni cha njano iliyokolea wakati mayai ya kisasa mengi yana kiini cheupe cheupe. Koroga taratibu bila kupiga povu, maana povu hupanda juu na kufanya ngozi yenye nyufa. Mimina juu ya biskuti ikiwa bado ya moto, ili krimu ianze kushika kabla haijapenya chini.

Oka kwenye nyuzi 160 kwa dakika 20 hadi 25. Ukitikisa trei, kingo zitulie na katikati icheze kama maziwa mgando. Itoe wakati huo.

Kwa jiko la mkaa hatuna nyuzi, tuna macho. Wakati wa biskuti, moto wa chini uwe mzuri na wa juu ya mfuniko uwe wa wastani. Ukishamimina krimu, ondoa nusu ya mkaa wa chini na uache wa juu. Krimu inayopata moto mkali chini huungua biskuti huku juu bado ni maji. Usifunue kila dakika mbili. Futa mvuke chini ya mfuniko mara moja tu, katikati ya muda, ili matone yasidondoke juu ya krimu.

Kutengeneza likeri ya nyumbani kwa Konyagi: chukua mililita 250, loweka ganda la rangi la malimau manne au madanzi kwenye chupa ya kioo, weka kabatini siku saba mpaka kumi ukiitikisa kila siku. Waitaliano hutumia pombe ya asilimia 90 na zaidi, ambayo hunyonya mafuta haraka. Yetu ya 35 ni ya polepole na haitafikia nguvu ile. Chuja, ongeza sukari gramu 100 iliyoyeyushwa kwenye maji mililita 100 na kupoa. Utapata kinywaji cha karibu asilimia 20. Andika kwenye chupa ni nini na uiweke mbali na watoto. Ina rangi ya kuvutia kama juisi.

Nani aambiwe, na aambiwe nini

Kwa Mwislamu, gramu 0.13 si hoja. Kinachoulizwa ni kama pombe ilitiwa kwa makusudi, na jibu ni ndiyo. Kwa Msabato aliyeapa kutogusa kileo ni vivyo hivyo. Mwokaji hapaswi kuwaamulia kwa kusema "imeshaungua". Aseme alichotia, wao waamue.

Kuna kundi jingine ambalo halivai alama yoyote. Ni mtu aliyeacha pombe. Kwake kiasi si tatizo kubwa, harufu na ladha ndivyo vinavyoweza kumrudisha alikotoka kwa shida. Huyo hatakuuliza mbele ya watu kwenye sendofu kama kitafunio kina kileo. Atakula kwa sababu kimewekwa kwenye sahani, na ataijua ladha ile mara moja. Wapo pia wajawazito, na wanaotumia dawa ambazo daktari amewaambia wasichanganye na pombe. Na watoto: umri wa kisheria wa kunywa pombe Tanzania ni miaka 18, na hakuna mzazi anayefurahi kugundua baada ya sherehe kwamba kipande cha mwanawe kilipakwa likeri juu.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa anayepokea oda ni huu. Trei ya kawaida iwe isiyo na pombe. Ya likeri ipikwe kwa aliyeiomba, ikatwe kwa umbo tofauti, tuseme pembetatu, na iwekwe kwenye sahani yake yenye kikaratasi kinachosema wazi "ina pombe". Usitegemee MC atangaze. Kama unafungasha na kuuza madukani, orodha ya vilivyomo iandikwe kwenye kifungashio pamoja na pombe hiyo. Usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu mwaka 2019 ilipochukua kazi hiyo kutoka TFDA, na wajasiriamali wadogo wa Mwanza wanaweza kuanzia ofisi ya SIDO kupata maelekezo.

Tahadhari moja ndogo kwa anayejivunia kuoka bila kileo: soma chupa ya vanila. Vanila halisi iliyonyonywa kutoka kwenye maganda yake huwa ndani ya pombe, na Marekani kanuni zinataka isipungue asilimia 35, sawa kabisa na Konyagi. Vanila nyingi za bei nafuu madukani ni za kutengenezwa na baadhi hazina pombe, lakini lebo ndiyo itakayokuambia. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, wakulima wanalima vanila, na ukipata ganda moja la huko unaweza kulipasua na kuliacha ndani ya kopo la sukari wiki mbili. Sukari hiyo haina kileo na ndiyo tamu zaidi kwenye biskuti ya chini.

Vipande vikishapoa kabisa, saa mbili au zaidi, kata kwa kisu kilichochovywa kwenye maji ya moto na kufutwa kila mkato. Visivyoliwa siku hiyo viingie kwenye friji, vilivyofunikwa, na viishe ndani ya siku nne. Vijiko viwili vya likeri havihifadhi mayai. Kipande kilichoshinda nje na joto la mchana kimeharibika hata kama bado kinanukia vizuri.